Dhambi Iliyosamehewa Usiifukue: Tujifunze kwa Mtakatifu Inyasi wa Loyola



Wapendwa, padre akikaa parokiani miaka mingi hutambua kwamba katika foleni ya maungamo kuna watu wa aina mbili. Wapo wanaokuja na mzigo, wakaondoka wepesi. Na wapo wanaokuja na mzigo, wanapewa ondoleo, wanatimiza malipizi, kisha wanarudi nyumbani na mzigo uleule. Mama aliyetoa mimba akiwa msichana, leo ana wajukuu, lakini kila akiona mtoto anahesabu umri ambao yule wa kwake angekuwa nao. Baba aliyemwacha mzazi wake afe bila kumwona kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Kijana anayeungama dhambi ileile ya zamani kwa padre huyu, na wiki inayofuata kwa padre wa parokia jirani, akihofu kwamba mara iliyopita hakuisema vizuri.

Watu hawa hawahitaji kuambiwa kwamba dhambi ni mbaya. Wanajua. Wanachotaka kujua ni kama msamaha ni wa kweli, na kama ni wa kweli, mbona moyo hautulii. Kwa ajili yao leo nawaletea maisha ya Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 31 Julai. Wengi wanamjua kama mwanzilishi wa Shirika la Yesu, yaani Wayesuiti, na wengine wamesoma katika shule yenye jina lake pale Dar es Salaam. Wachache wanajua kwamba kabla ya hayo yote, dhambi zilizokwisha kusamehewa zilikaribia kumuua.

Inyasi alizaliwa mwaka 1491 katika ngome ya Loyola, karibu na mji wa Azpeitia, katika nchi ya Wabaski kaskazini mwa Hispania. Jina lake la ubatizo lilikuwa Íñigo. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto wengi, ukoo wa watu wenye mali na silaha. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na mke wa mhunzi wa jirani. Alipokuwa kijana alipelekwa Arévalo, kwa mweka hazina mkuu wa mfalme, ili ajifunze adabu za wakubwa. Alijifunza kuandika vizuri, kuvaa vizuri, kucheza dansi na kutumia upanga. Alijifunza pia mambo ambayo wazazi hawakumtuma kuyajifunza.

Tusimtengenezee utakatifu wa utotoni. Mwaka 1515, katika siku za sherehe zinazotangulia Kwaresima, yeye na kaka yake aliyekuwa kasisi walishtakiwa kwa makosa mazito yaliyotendwa usiku mjini Azpeitia. Yeye mwenyewe alipozeeka alikiri kwamba ujana wake aliutumia katika ubatili wa dunia, akipenda silaha na kutamani sifa. Alikuwa Mkatoliki wa jina, mwenye kusali na kuheshimu sikukuu, lakini maisha yake yalikwenda upande mwingine. Hali hiyo si ngeni kwetu.

Siku iliyombadilisha ni tarehe 20 Mei 1521. Jeshi la Wafaransa lilikuwa limeizingira ngome ya Pamplona. Wenzake waliona heri kusalimu amri, lakini Inyasi aliwashawishi wapigane. Kwa kuwa hapakuwa na padre, aliungama dhambi zake kwa askari mwenzake. Kisha mzinga ukafyatuliwa, ukauvunja mguu wake wa kulia na kuujeruhi wa kushoto. Ngome ikaanguka. Wafaransa walimtendea kwa heshima, wakamtibu, wakaruhusu achukuliwe kwa machela mpaka nyumbani Loyola.

Huko mguu ulivunjwa upya ili uungwe vizuri, bila dawa yoyote ya ganzi. Akazidiwa mpaka akapewa sakramenti za wagonjwa, na usiku wa kuamkia sikukuu ya Mitume Petro na Paulo akaanza kupata nafuu. Lakini mfupa ulikuwa umejitokeza chini ya goti, na mguu ulikuwa umefupika. Asingeweza kuvaa viatu virefu vilivyobana ambavyo vijana wa hadhi yake walivipenda. Akaomba mfupa huo ukatwe kwa msumeno. Akavumilia, akauma meno, akakunja ngumi. Mtu aliyevumilia maumivu ya namna hiyo kwa ajili ya kiatu, utaona baadaye alivyokuja kujitesa kwa ajili ya dhambi zake.

Akiwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa wa vita. Havikuwapo. Akaletewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Alisoma, kisha akawa analala akiwaza. Mara aliwaza sifa za kidunia na bibi mmoja wa cheo aliyetamani kumtumikia. Mara aliwaza kufanya kama walivyofanya Mtakatifu Fransisko na Mtakatifu Dominiko. Mawazo yote mawili yalimfurahisha wakati akiyawaza. Lakini siku moja akagundua tofauti: yale ya kwanza yakipita yalimwacha mkavu na bila raha, na yale ya pili yakipita yalimwacha na furaha. Naomba ushike jambo hili, maana ndilo litakalokuja kumwokoa. Inyasi alijifunza kwamba wazo halipimwi kwa jinsi linavyokuja tu. Hupimwa pia kwa pale linapokuacha.

Mwanzoni mwa mwaka 1522 aliondoka nyumbani, akichechemea, kwenda kuhiji. Mwezi Machi alifika Montserrat, kwenye monasteri ya Wabenedikto mlimani, panapoheshimiwa sanamu ya Bikira Maria. Pale aliungama dhambi za maisha yake yote. Aliziandika, na maungamo hayo yalichukua siku tatu. Nyumbu wake akamwachia monasteri. Upanga na jambia akaviacha vitundikwe mbele ya altare ya Mama Maria. Mavazi yake ya thamani akampa maskini mmoja, mwenyewe akavaa gunia. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Bikira Maria kupashwa habari, tarehe 25 Machi, alikesha akisali, mara amesimama, mara amepiga magoti.

Kulipokucha akaenda zake. Njiani mtu akamkimbilia kumuuliza kama kweli alimpa maskini yule mavazi, maana maskini alikuwa amekamatwa kwa kudhaniwa mwizi. Inyasi akalia kwa kumhurumia mtu yule.

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Huyu amefanya yote ambayo Kanisa linamwomba mwenye kutubu. Amejuta, ameungama bila kuficha, amepewa ondoleo, ameacha njia yake ya zamani. Ungetegemea kwamba simulizi ya dhambi zake iishie hapo.

Haikuishia hapo. Alitelemka mpaka mji mdogo wa Manresa akikusudia kukaa siku chache tu. Alikaa karibu mwaka mzima. Aliomba chakula mlango kwa mlango. Hakula nyama wala kunywa divai isipokuwa Jumapili. Nywele zake, ambazo zamani alizitunza sana, aliziacha zikue ovyo, na kucha vilevile. Miezi ya kwanza alikuwa na furaha. Kisha likaja giza.

Alianza kujiuliza kama kule Montserrat alisema yote. Je, dhambi fulani aliieleza ilivyostahili? Je, nyingine hakuisahau? Akarudi kuungama, lakini hakuridhika. Akaungama tena, hali ikawa ileile. Padre mmoja mwenye elimu, mhubiri wa kanisa kuu la pale, akamshauri aandike kila anachokumbuka. Akaandika, akaungama, na wasiwasi ukarudi ukiwa umeingia ndani zaidi, ukichimbua mambo madogo kuliko yale ya kwanza.

Kilatini kina neno kwa ugonjwa huu wa dhamiri. Maana yake ya asili ni kijiwe kidogo chenye ncha, kama kile kinachoingia ndani ya kiatu. Ni kidogo, watu hawakioni, lakini kila hatua unayopiga kinakuchoma.

Moyoni mwake Inyasi aliona kwamba dawa ingekuwa padre wake amwamuru, kwa jina la Yesu Kristo, asiungame tena mambo yaliyopita. Lakini hakuthubutu kumwambia. Siku moja padre, bila kuombwa, akamwamuru hivyo hivyo, akaongeza kwamba aungame la zamani pale tu linapokuwa wazi kabisa. Nyongeza hiyo ndiyo iliyoharibu dawa, kwani kwa Inyasi kila jambo lilikuwa wazi kabisa! Akabaki palepale.

Wakati huo alikuwa akikaa katika chumba kidogo alichopewa na Wadominiko katika konventi yao. Kila siku alisali saa saba akiwa amepiga magoti, na usiku wa manane aliamka kusali tena. Hakupata nafuu. Siku moja alimlilia Mungu kwa sauti, akisema kwamba hapati msaada kwa mwanadamu wala kiumbe chochote, na kwamba hata kama ingempasa kumfuata mtoto wa mbwa ili aonyeshwe dawa, angemfuata. Mtu aliyekataa kusalimu amri Pamplona alikuwa tayari kuongozwa na kijibwa.

Ndipo yakaja majaribu makubwa kuliko yote. Katika chumba kile palikuwa na shimo kubwa, karibu na mahali alipokuwa akisalia. Mara nyingi likamjia wazo la kujitupa humo afe. Alijua kwamba kujiua ni dhambi, akapiga kelele kumwambia Bwana kwamba hatafanya jambo la kumchukiza. Wazo likarudi, akalijibu vilevile, tena na tena. Nalitaja jambo hili bila kulizungushia maneno, kwa sababu najua kati ya wasomaji wapo wanaolijua shimo hilo. Mtakatifu mkubwa wa Kanisa aliwahi kupiga magoti kando yake. Kufikiwa na wazo hilo si ushahidi kwamba Mungu amekuacha.

Akakumbuka habari ya mtakatifu mmoja aliyefunga mpaka Mungu akampa alichokiomba. Naye akaamua kutokula wala kunywa mpaka Mungu amsaidie. Alifunga kuanzia Jumapili mpaka Jumapili, bila kuacha sala zake. Jumapili ya pili alipokwenda kuungama akamweleza padre. Padre akamwamuru avunje mfungo. Inyasi bado alijisikia mwenye nguvu, lakini alitii, akala. Siku hiyo na ya pili yake alikuwa mtulivu. Siku ya tatu, Jumanne, akiwa katika sala, akaanza tena kukumbuka dhambi zake. Moja ikavuta nyingine kama mtu anayetunga shanga, mpaka akaona ni lazima akaungame yote upya.

Ndipo jambo jipya likatokea. Baada ya mawazo yale, akajisikia kuyachukia maisha aliyoanza kuishi na kutamani kuyaacha. Hapo akashtuka kama mtu anayeamka kutoka usingizini. Akakumbuka alichojifunza kitandani Loyola. Akayatazama mawazo yale tangu yalipoanzia mpaka yalipofikia. Yalianza na jambo linaloonekana jema, yaani majuto ya dhambi. Yalipoishia palikuwa ni kukata tamaa, kuchoka sala na kumwacha Mungu. Roho Mtakatifu hamwongozi mtu kumwacha Mungu. Basi sauti ile, hata kama ilizungumza habari za dhambi, haikuwa sauti ya Mungu. Akaamua kwa uwazi mkubwa kwamba hataungama tena jambo lolote la zamani. Tangu siku hiyo akawa huru, na hakuwa na shaka kwamba Bwana mwenyewe amemfungua kwa huruma yake.

Wapendwa, hilo ndilo fundisho la leo. Majuto ni ya aina mbili. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto habari hiyo katika barua yake ya pili, sura ya 7: ipo huzuni inayotoka kwa Mungu, nayo huleta toba na wokovu, na ipo huzuni ya dunia, ambayo huleta mauti. Usiku ule Bwana alipokamatwa, Petro na Yuda wote walianguka. Wote walijuta. Petro alilia, lakini baadaye aliruka majini ili amfikie Yesu pale ufukoni. Yuda alirudisha hata fedha, akasema wazi kwamba amekosa, lakini aliyasema hayo kwa makuhani, hakumrudia Yesu. Majuto ya Mungu yanakusukuma umwendee Yesu. Majuto ya adui yanakusukuma umkimbie, hata kama yanatumia maneno ya kidini.

Mtu atauliza: Je, hapo hatuwafundishi watu kuichukulia dhambi kirahisi? Inyasi mwenyewe aliliona swali hilo. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, alichoanza kukiandika palepale Manresa na kilichochapishwa Roma mwaka 1548, alieleza kwamba adui huangalia kwanza dhamiri yako ilivyo. Akiikuta ni nzito, yenye kupuuza hata dhambi kubwa, huizidishia uzito mpaka isione kitu. Akiikuta ni nyepesi, yenye kuogopa hata kosa dogo, huizidishia wepesi mpaka ione dhambi mahali isipokuwapo. Anatoa mfano wa mtu aliyekanyaga mabua mawili yaliyopishana kama msalaba, kisha akaanza kujisumbua kwamba ametenda dhambi. Dawa yake ni kwenda kinyume: mwenye dhamiri nzito aizoeze kuhisi, na mwenye dhamiri nyepesi aizoeze kutulia. Kwa hiyo anayeishi na mke wa mtu na kulala usingizi mzuri asichukue makala haya kuwa mto wa kulalia. Kwake yeye kuchomwa moyo ni neema, na anahitaji kuiomba.

Angalia pia kwamba Inyasi hakuacha kurekebisha alichoharibu. Mwaka 1535, akiwa tayari msomi wa Paris, alirudi Azpeitia kwa ajili ya afya yake. Hakukaa katika ngome ya ukoo wake, alikaa hospitali ya maskini. Aliomba chakula katika mitaa ileile aliyotamba ujanani, akafundisha watoto katekisimu, akahimiza mji uweke utaratibu wa kuwasaidia maskini. Dhambi ilikuwa imesamehewa zamani, sasa alikuwa akitibu jeraha iliyoliacha kwa wengine. Kama uliiba, rudisha. Kama ulimsingizia mtu, safisha jina lake. Hayo hayaongezi msamaha wa Mungu, yanauheshimu.

Faraja ya kweli haikai kwa mtu mmoja. Inyasi alifika Paris mwaka 1528 kusoma, na mwaka uliofuata akapanga chumba kimoja na vijana wawili, Petro Faber na Fransisko Ksaveri. Faber, mtoto wa wakulima wa Savoy, alikuwa mpole na mwenye akili, lakini dhamiri yake ilikuwa imejaa vijiwe. Hakujua kama maungamo yake yalikuwa sawa. Hakujua afuate njia gani ya maisha. Inyasi alimfahamu mara moja, kwa sababu alikuwa amepita hapo. Hakumcheka wala kumwambia aache mambo ya kitoto. Alimshauri aungame maisha yake yote mara moja, kisha aungame na kupokea Komunyo kila wiki, na kila siku atafute moyoni mwake. Kwa Mazoezi ya Kiroho kamili alimsubirisha yapata miaka minne, mpaka moyo ulipotulia. Mwaka 1534 Faber akapewa upadre, na tarehe 15 Agosti mwaka huohuo ndiye aliyeadhimisha Misa pale Montmartre ambamo wenzi saba waliweka nadhiri. Hiyo ndiyo mbegu ya Shirika la Yesu. Papa Fransisko alimtangaza Faber mtakatifu mwaka 2013.

Shirika lilithibitishwa na Papa Paulo III tarehe 27 Septemba 1540. Yule mwenzao wa tatu wa chumba, Fransisko Ksaveri, alitumwa India, na mwaka 1542 safari yake ilipita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Alikuwa amehudumia wagonjwa Msumbiji, kisha meli ikatia nanga Malindi. Ona jinsi moyo mmoja uliotulizwa Manresa ulivyofika mbali.

Aprili 1541 wenzake walimchagua Inyasi kuwa mkuu wao. Alikataa. Walipomchagua tena, alikwenda kwa Mfransisko aliyekuwa akimwungamisha, akatumia siku tatu kumweleza maisha yake yote, kisha akamwachia yeye aamue. Padre akamwambia akubali, naye akatii. Je, amevunja uamuzi wake wa Manresa? Hapana. Safari hii hakusukumwa na hofu kwamba hajasamehewa. Alitaka mtu mwingine amjue alivyo kabla ya kubeba mzigo wa wengine. Kitendo kinaweza kufanana, lakini angalia kinakotoka na kinakokwenda.

Roma alifungua nyumba ya Mtakatifu Marta kwa ajili ya wanawake waliotaka kuacha ukahaba, na yeye mkuu wa Shirika aliwasindikiza mwenyewe barabarani bila kuona haya. Alipoambiwa kwamba wengi watarudia, aliona hata kuzuia dhambi moja kwa usiku mmoja ni kazi inayostahili jasho. Mtu aliyewahi kujihesabia dhambi mpaka kando ya shimo hakuwa na hamu ya kuwahesabia wengine. Shajara yake ya miaka ya 1544 na 1545 inataja machozi katika Misa, karibu kila siku. Hayakuwa tena machozi ya hofu. Yalikuwa ya mtu anayependwa na anajua hivyo. Alifariki Roma asubuhi ya tarehe 31 Julai 1556. Mwaka 1622 alitangazwa mtakatifu, pamoja na rafiki yake Fransisko Ksaveri.

Ndugu yangu uliyebeba mzigo, nakuachia mambo manne ya kutenda.

La kwanza, kama hujaungama, nenda ukaungame, wala usitafute padre asiyekufahamu kwa kuogopa ataonaje. Kama ni dhambi ya kutoa mimba, fahamu kwamba tangu mwaka 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadre wote mamlaka ya kuiondolea. Kama umekwisha kuungama kwa moyo mnyofu, usirudie. Ulichokisahau bila kukusudia kimesamehewa pamoja na vingine, na ukikumbuka baadaye dhambi kubwa uliyoisahau, itaje kwa utulivu mara moja, yaishe.

La pili, kuwa na padre mmoja anayekujua, kisha mtii. Mwenye dhamiri iliyojeruhiwa hawezi kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Inyasi alikula siku ile kwa utii, na mlango wa nafuu ukaanza kufunguka.

La tatu, kila jioni tafuta moyoni kama Inyasi alivyofundisha. Yeye hakuanza na dhambi. Alianza na kushukuru kwa mema ya siku, kisha akaomba mwanga, ndipo akatazama makosa, akaomba msamaha na kukusudia kesho iliyo bora. Anayeanza kwa kuhesabu dhambi atamaliza akijitazama mwenyewe. Anayeanza kwa kushukuru atamaliza akimtazama Mungu.

La nne, kama lile shimo linakuita, usikae nalo peke yako chumbani. Mwambie mtu leo hii: padre wako, ndugu yako, rafiki, jumuiya. Nenda na hospitali pia. Moyo huumia, na akili nayo huugua kama mwili unavyougua, na kumwona daktari si upungufu wa imani.

Mtakatifu Yohane katika barua yake ya kwanza, sura ya 3, anatukumbusha kwamba moyo wetu unapotuhukumu, Mungu ni mkuu kuliko moyo wetu, naye anajua yote. Anajua hata ile dhambi unayodhani hukuieleza vizuri. Alikuwa akiijua ulipopiga magoti pale kitubioni, na aliisamehe akiijua. Usiifukue tena. Uliloondolewa na Mungu si lako.

Nawatakia Dominika njema. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.